Chembe za homoni kwa viluwiluwi vya mbu: miezi mitano ya kuzitumia nyumbani kwetu Jang'ombe

Nilinunua pakiti hii mwishoni mwa Februari, wiki moja baada ya mjukuu wangu kutoka hospitali. Ana miaka tisa. Homa ilimshika ghafla siku ya Jumatatu, akawa analia kwamba macho yanamuuma kwa ndani na mifupa inavunjika. Daktari akasema ni dengi. Wazee wetu waliijua homa ya namna hii kwa jina la kidingapopo. Ilipita hapa Unguja mwaka 1823 ikarudi mwaka 1870, na wako wataalamu wanaosema hilo jina la dengi lenyewe limetokana na neno letu. Mbu wake anauma mchana. Vyandarua tunavyo, tena kila kitanda, lakini mtoto wa miaka tisa hakai ndani ya chandarua saa nne ya asubuhi.

Nikaanza kutafuta mbu anatokea wapi, na sikwenda mbali. Maji ya mfereji kwetu yanatoka kwa zamu, kwa hiyo kila nyumba mtaani ina akiba yake. Kwangu kuna tangi la plastiki la lita 2000 juu ya paa la jiko, ambalo mfuniko wake umepasuka tokea mwaka juzi, na mapipa mawili ya lita 200 uani kwa kufulia na kuoshea vyombo. Halafu kuna karo la choo. Nilipanda ngazi na tochi, nikamulika ndani ya tangi: viluwiluwi tele, vinapanda na kushuka. Nimesomesha bailojia skuli kwa miaka thelathini na moja, na siku ile niliumia roho kuona maji ambayo mtoto amekuwa akiyaoga.

Kabla ya hapo tulishamwita mpiga dawa. Alikuja na pampu mgongoni, akapuliza kuta na vyumba, nyumba ikanuka siku mbili, na baada ya wiki mbili mbu wakawa wale wale. Karo tulikuwa tukilimiminia mafuta ya taa kama alivyokuwa akifanya mama yangu. Yanasaidia siku chache, kisha yanapotea, na moto ukikaribia ni balaa.

Sasa bidhaa yenyewe. Pakiti ni ya gramu 250, imeandikwa kwa Kiingereza na Kiswahili, na kiambato chake ni piriproksifeni asilimia 0.5. Nililipa shilingi 22,000 kwenye duka la dawa za kilimo na mifugo Mwanakwerekwe. Ndani mna chembe za rangi ya udongo mkavu, ukubwa wa chenga za mchele, hazinuki chochote. Kwa maji ya kunywa na kupikia kipimo ni gramu 2 kwa lita 1000, ambazo ukizipigia hesabu zinatoa miligramu 0.01 ya dawa halisi katika kila lita, na hicho ndicho kiwango cha juu kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani kwa dawa hii kwenye maji ya kunywa. Kwa tangi langu ni gramu 4. Kwa pipa moja ni gramu 0.4.

Hapo ndipo lilipo lalamiko langu la kwanza. Mnaniuzia dawa inayopimwa kwa sehemu ya gramu, na ndani ya pakiti hamna hata kijiko! Mizani yangu ya jikoni haisomi chini ya gramu 5. Mtu asiye na subira atatia kiganja kizima, na mwingine atatia punje tatu akidhani anabana matumizi. Mimi niliibeba pakiti mpaka kwa sonara mmoja Mji Mkongwe, mtu mzima aliyetengeneza pete ya ndoa ya binti yangu, akanipimia kwa mizani ya dhahabu. Akazifunga dozi kwenye vikaratasi vidogo kama vile vya zafarani, za tangi upande mmoja, za mapipa upande mwingine. Hakutaka malipo. Alitaka kujua tu dawa inafanyaje kazi, na siku ile sikuwa na jibu la kumtosha.

Nikatia. Siku ya tatu nikapanda tena na tochi. Viluwiluwi vizima, vinacheza kama juzi.

Nilivichota kwenye chupa nikapanda daladala mpaka Mwanakwerekwe. Kijana wa dukani alinipokea kwa adabu, "Karibu mama," nikamwekea chupa mezani. "Mwanangu, hii dawa haifanyi kazi. Tazama."

Hakukasirika. Aliinyanyua chupa kwenye mwanga, akaniuliza, "Mama, umeona mbu aliyetoka humu?"

"Mbu sijaona. Nimeona viluwiluwi vizima."

"Basi nenda navyo nyumbani, vifunike kwa kitambaa cha chandarua, usubiri. Hii haiui viluwiluwi, mama. Inavizuia visiwe mbu. Kila wiki ananijia mtu kunigombeza siku ya tatu."

Maneno hayo matatu manne ya kijana ndiyo yaliyotakiwa yaandikwe mbele ya pakiti kwa herufi kubwa. Yameandikwa nyuma, kwa herufi ndogo, kwa lugha ya kitaalamu, baada ya anwani ya kiwanda. Ninaliweka hili kuwa kosa kubwa kuliko la kijiko, kwa sababu mtu anayeona viluwiluwi hai siku ya tatu hufanya moja kati ya mawili: huongeza dozi, au huitupa dawa akarudi kwenye mafuta ya taa.

Nilirudi nyumbani nikafanya kama nilivyokuwa nikiwafanyisha wanafunzi. Nilichukua chupa mbili za kioo za achari. Moja niliijaza maji ya tangi langu yaliyotiwa dawa, nyingine maji ya jirani ambayo hayajatiwa kitu. Viluwiluwi nilivitoa kwenye pipa la jirani huyo huyo, thelathini kila chupa, nikavilisha hamira kiasi cha kuchovya ncha ya kisu, nikafunga midomo ya chupa kwa kipande cha chandarua na mpira. Mjukuu nikampa daftari. Kila asubuhi kabla ya kwenda skuli alihesabu na kuandika.

Siku tano za mwanzo daftari halina tofauti. Pande zote mbili viluwiluwi vilikula, vikanenepa, vikajivua ngozi. Kuanzia siku ya sita vikaanza kugeuka pupa, yaani kile kidude kilichokunjana kama alama ya mkato, hatua ya mwisho kabla mbu hajapasua na kuruka. Siku ya nane chupa isiyo na dawa ilikuwa na mbu 11 chini ya kitambaa. Siku ya kumi na moja walifika 27. Kwenye chupa yenye dawa hakuruka hata mmoja. Sita vilikufa vikiwa bado viluwiluwi, pupa 22 waliacha kujikunja, wakanyooka na kuelea wamekufa, na wawili walipasua wakatoa kichwa na kifua, wakanasa hapo hapo na miguu imo ndani ya ganda. Hao wawili mjukuu aliwatazama kwa muda mrefu kwenye lenzi yangu ya zamani. Akaniuliza, "Bibi, kwa nini wameshindwa kutoka?"

Hili swali ndilo lililonifanya niandike tathmini ndefu namna hii.

Ndani ya mwili wa mdudu, nyuma tu ya ubongo, kuna tezi ndogo zinazotoa homoni ambayo mimi naiita homoni ya utoto. Muda wote homoni hiyo inapokuwepo, mdudu akijivua ngozi anatoka mkubwa zaidi, lakini bado mtoto. Ikikatika, ndipo mwili unapojenga mbawa na viungo vya uzazi. Zamani mwali alikuwa hatoki ndani mpaka somo wake aseme sasa wakati umefika. Kwa mdudu, ruhusa ya kutoka ni ile homoni kunyamaza. Piriproksifeni imetengenezwa iige homoni hiyo. Kiluwiluwi kimeshafika wakati wa kukua, mwili umeshaanza kujibomoa na kujijenga upya, na humo humo inakuja sauti inayosema bado, wewe ni mtoto. Kazi inakatika katikati. Kwa hiyo hafi akiwa mdogo, anafia mlangoni.

Aliyeanza kuifunua siri hii ni Mwingereza V. B. Wigglesworth, miaka ya 1930, akifanya kazi na kunguni wa Amerika ya Kusini anayenyonya damu, Rhodnius. Aliwakata vichwa, na kunguni asiye na kichwa anaishi muda mrefu sana; akaona kwamba ukikata mapema mno hajivui kabisa, lakini ukikata kwa wakati maalumu baada ya kunyonya damu, mtoto anajivua na kuwa kunguni mzima mdogo kabla ya wakati wake. Maana yake kuna kitu kichwani kinachomshikilia utotoni. Mwaka 1956 Mmarekani Carroll Williams akaikamua homoni yenyewe kutoka kwenye matumbo ya nondo dume wakubwa wanaoitwa cecropia, ikatoka kama mafuta ya rangi ya dhahabu. Ni yeye aliyesema kwamba kitu hiki kinaweza kuwa dawa ya wadudu.

Lakini kisa nilichokuwa nikiwasimulia wanafunzi wangu kila mwaka, wakati hata sijawahi kuishika dawa hii mkononi, ni cha karatasi. Katikati ya miaka ya 1960 Karel Sláma, mtafiti kutoka Prague, alikwenda kwenye maabara ya Williams huko Harvard na kunguni wake wa mimea aliokuwa amewafuga kwao kwa miaka. Huko Prague walikua vizuri. Marekani wakagoma. Wakifika hatua ya mwisho, badala ya kuwa wakubwa wanajivua na kuwa watoto wakubwa zaidi, kisha wanakufa bila kuzaa. Wakabadilisha chakula, maji, kila kitu, mpaka mwisho wakagundua kwamba chanzo ni karatasi za kujifutia zilizotandikwa ndani ya vyombo. Wakajaribu magazeti. Karatasi ya New York Times ilizuia kunguni kukua, na ya Wall Street Journal vile vile. The Times ya London haikufanya kitu. Karatasi za Marekani zilikuwa zimetengenezwa kwa mti mmoja wa jamii ya misonobari wa kule, na mti huo ndani yake una kemikali inayofanana na homoni ya utoto ya kunguni wa ukoo ule. Mti unajilinda kwa kumnyima mdudu utu uzima! Kila nilipofika hapo darasa lilikuwa kimya.

Na sisi tunao mti wa namna hiyo uani. Mwarobaini, ambao majani yake mama yangu aliyakausha akayachanganya na kunde ghalani, una azadiraktini, ambayo pamoja na kumkatisha mdudu hamu ya kula inavuruga homoni nyingine, ile inayoamrisha kujivua ngozi. Homoni hiyo, ekdisoni, Wajerumani Butenandt na Karlson walipoitenga mwaka 1954 iliwabidi wasage pupa wa nondo wa hariri kilo 500 ili wapate miligramu 25 tu. Ukiona kiasi hicho hutashangaa kwamba kwenye tangi langu zima, pamoja na maji yake yote, dawa halisi niliyotia ni miligramu 20.

Hapo kijana wa dukani nimsahihishe jambo moja, kwa heshima. Aliniambia mitego ya nzi wa maembe anayouza nayo ni homoni. Ile siyo homoni. Ni methili eujenoli, harufu inayowaita nzi dume waingie mtegoni, nayo inafanya kazi hewani, nje ya mwili wa mdudu. Ni ndugu wa karibu wa eujenoli ambayo ndiyo inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Mtego mzuri kwa mwenye shamba, lakini usije ukaununua ukidhani utakusaidia na mbu.

Nije kwenye usalama, kwa sababu hili ndilo lililotugawa nyumbani. Mkaza mwanangu ana mimba. Wiki ya pili tu alikuja na simu, ujumbe umezunguka kwenye WhatsApp kwamba dawa hii ndiyo iliyosababisha watoto wa Brazil kuzaliwa na vichwa vidogo. Sikumcheka, na wala sikumwambia akae kimya; mama mjamzito ana haki ya kuuliza kila anachokunywa. Tukakaa ukumbini nikamweleza ninachokijua. Mwaka 2016, wakati wa mlipuko wa Zika, kundi la madaktari wa Argentina lilitoa tuhuma hiyo, na jimbo moja la kusini mwa Brazil likasimamisha dawa kwenye maji ya kunywa. Lakini mji wa Recife, uliokuwa na watoto wengi wenye tatizo lile, haukuwa ukitumia dawa hii kwenye maji yake, na Shirika la Afya Duniani halikuona ushahidi wa kuihusisha. Kilichobainika ni virusi vya Zika vyenyewe, ambavyo vinaletwa na mbu yule yule aliyemletea mjukuu wangu dengi.

Nikampigia na hesabu. Kiasi ambacho wataalamu wa kimataifa wamekikubali mtu aweze kukipata kila siku maisha yake yote bila madhara ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito. Kwa mtu wa kilo 60 ni miligramu 6. Akinywa lita mbili za maji ya tangi letu anapata 0.02, yaani sehemu moja ya mia tatu. Mbu anadhurika kwa kiasi hicho kidogo kwa sababu dawa inaiga homoni yake yeye. Mwanadamu hana homoni hiyo na wala hajivui ngozi ili awe mtu mzima. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekufahamu mama, lakini mimi nitakunywa ya chupa mpaka nijifungue." Nikamwambia sawa. Kila asubuhi namjazia mtungi wake mwenyewe kwa maji hayo ya chupa, na hauguswi na mwingine.

Ambapo siwezi kulegeza neno ni kwenye bahari. Kamba na kaa ni jamaa wa wadudu. Nao wanajivua magamba, nao homoni zao zinafanana na za wadudu, na dawa hii inaweza kuwadhuru. Usioshe chombo ulichopimia kwenye mfereji wa maji ya mvua unaokwenda pwani, usitie kwenye madimbwi ya mikoko, na kama una bwawa la kufugia kaa au kamba isikaribie kabisa. Pakiti inalisema hili kwa mchoro mdogo wa samaki uliokatwa msalaba. Kaa hayumo kwenye mchoro, na kwa visiwa kama vyetu alitakiwa awe wa kwanza.

Kwenye karo matokeo ni mazuri lakini si ya kutegemea peke yake. Mbu wa karo ni mwingine, anauma usiku, na ndiye anayebeba minyoo ya matende. Nilifunga wavu juu ya bomba la hewa na asubuhi ya kwanza nikahesabu mbu 140. Nilitia dozi ya maji machafu, ambayo ni kubwa zaidi kama kibandiko kinavyoelekeza, na baada ya wiki tatu nikawa napata sita, saba. Ilipofika Aprili masika ikashuka kwa nguvu, karo likajaa na kufurika, na hesabu ikarudi 60. Nikatia tena, ikapungua tena. Kwa hiyo mwenye karo linalofurika ajue kwamba mvua itamchukulia dawa yake.

Mama yangu mdogo, ambaye ni wa Makunduchi, aliponisikia alinikumbusha njia iliyotumika kwao. Mwaka 1988 vyoo vya shimo vya Makunduchi vilimwagiwa chembe nyeupe nyepesi za plastiki, za jamii ya ule weupe unaofungiwa televisheni mpya, zikatanda juu ya maji ya shimo. Viluwiluwi vikakosa pahala pa kupumulia na mbu akakosa pa kutagia, huku watu wakipewa vidonge vya matende. Mbu wa vyooni walipungua sana kwa miaka, kwa kazi ya mara moja. Kwa choo cha shimo chenye maji kisichofurika, ningechagua njia ile kabla ya hii yangu. Kwa tangi la maji ya kunywa haiwezekani, na hapo homoni haina mpinzani niliyemwona.

Bei pia inahitaji neno. Gramu 250 ni nyingi mno kwa nyumba moja. Tangi na mapipa yangu yanakula chini ya gramu 5 kwa mkupuo, na nimerudia kila wiki sita kwa kuwa maji yanaingia na kutoka kila siku. Tuligawana nyumba sita za uchochoro wetu, haikufika shilingi 4,000 kwa nyumba, na sonara akatupimia sote. Faida ya kugawana ni zaidi ya pesa, maana mbu wa pipa la jirani hajui ukuta. Wako watafiti waliofanya majaribio Iquitos, Peru, yaliyochapishwa mwaka 2009, wakapaka unga wa dawa hii hii kwenye pahala wanapopumzikia mbu. Mbu jike wakaondoka nayo miguuni na kuipeleka wenyewe kwenye maji waliyokwenda kutagia. Sisi hatuna unga huo, lakini kwa nyumba sita kutia siku moja tuliona tofauti ambayo nyumba moja isingeiona.

Tofauti hiyo haikuja haraka. Mbu wakubwa waliokwisha ruka hawadhuriki na chembe hizi, wanaendelea kuuma mpaka wafe wenyewe, na wiki mbili za mwanzo mjukuu alikuwa bado anajikuna. Na dawa haiondoi kazi ya mikono. Mayai ya mbu wa dengi yananata kwenye kuta za pipa juu ya usawa wa maji, yanakaa makavu miezi na bado yana uhai, kwa hiyo mapipa nayasugua kwa brashi kila Ijumaa, na mfuniko wa tangi nimeununua mpya. Hivyo vifuu vya nazi, makopo na tairi la zamani vilivyokuwa nyuma ya jiko vimekwenda.

Nina tahadhari moja ya mwisho kwa wanunuzi. Mwezi wa Juni pakiti zilikuwa zimeadimika, jirani akanunua "dawa ile ile" kwa mtu aliyeifunga kwenye mfuko wa plastiki mweupe, bila jina, bila kipimo, nusu ya bei. Tukazirudia chupa za achari. Viluwiluwi thelathini, mbu ishirini na nane. Ilikuwa ni mchanga, au dawa iliyokufa zamani, na jirani alikuwa ameshaitia kwenye tangi la wanawe. Nunua pakiti iliyofungwa yenye jina la kiambato na tarehe, kisha fanya jaribio la chupa kabla ya kuiamini. Siku kumi na moja, kitambaa cha chandarua na hamira kidogo, huhitaji kusomea.

Nikipewa nyota tano, naipa dawa yenyewe nyota nne na nusu kwenye maji safi, tatu kwenye karo. Ufungaji na maelezo ya pakiti nayapa mbili. Duka lenyewe nyota tano, kwa sababu ya yule kijana aliyenirudisha nyumbani nikasubiri badala ya kuniuzia kitu kikali zaidi.

Tokea mwishoni mwa Machi hatujaona mbu akitoka kwenye tangi, na mjukuu hajaumwa tena. Dozi ijayo ni katikati ya Agosti. Vikaratasi vya sonara vilivyobaki vimo kwenye kopo la biskuti juu ya kabati, na daftari la kuhesabia liko pamoja navyo.